Tumbo Linalouma Kabla ya Hesabu

Je, mtoto wako huwa mzima Jumamosi na Jumapili, lakini Jumatatu asubuhi, sare ikiwa imepigwa pasi na chai imemiminwa, anashika tumbo na kuanza kulia? Usimkaripie, wala usikimbilie duka la dawa. Muulize kwanza kipindi cha kwanza siku hiyo ni cha somo gani.

Mama mmoja aliniletea mwanawe wa Gredi ya Nne ambaye alikuwa amekwisha kutibiwa kwingineko mara tatu. Alikuwa amepewa dawa ya minyoo, ya ameba na ya asidi tumboni. Nilimpima, nikachunguza choo na mkojo, nisione kasoro yoyote. Ndipo nikamuuliza mtoto mwenyewe, jambo ambalo sisi madaktari tukiwa na foleni ndefu hulisahau, tumbo humuuma wakati gani. Alijibu akitazama sakafu, "Kabla ya hesabu."

Maumivu hayo si ya uongo, msomaji. Mtu akiogopa, ubongo huamuru mwili utoe adrenalini. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, damu huelekezwa kwenye misuli na utumbo hubadilisha mwendo wake. Utumbo una mishipa mingi ya fahamu inayowasiliana na ubongo mchana na usiku, ndiyo maana hofu husikika tumboni. Mwaka wa 2012, watafiti wa Chicago walipiga picha za ubongo wa watu wanaohofia hesabu. Waliona kwamba walipokuwa wakingojea tu kupewa hesabu, sehemu za ubongo zinazohusika na kuhisi maumivu ziliamka.

Hofu hiyo pia humfanya mtoto aonekane mjinga ilhali si mjinga. Chukua 47 jumlisha 38. Mtoto hupata 15, huandika 5, huku akikumbuka 1 la kupeleka upande wa makumi. Hilo 1 hukaa katika kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo nafasi yake ni ndogo sana. Iwapo nafasi hiyo imekwisha kujaa wasiwasi wa kuchekwa au kuchapwa, lile 1 hupotea. Mtoto huandika 75, na mwalimu humwambia hasikilizi.

Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu hiyo waziwazi. Lakini nawaona bado watoto wenye alama mapajani. Kwa somo hili hasa, kiboko huongeza ugonjwa kinachodai kuutibu.

Sisi wazazi nasi tuna lawama. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba wazazi wanaoogopa hesabu, wakiwasaidia watoto wao mara kwa mara kazi ya ziada, watoto hao hujifunza kidogo zaidi na hofu yao huongezeka. Basi ukiona unapandisha sauti juu ya daftari, lifunge. Mle chakula kwanza.

Dawa niliyompa mvulana yule haikutoka katika famasi. Namfahamu mwalimu mmoja wa kike hapa mjini ambaye hurekodi michezo ya hesabu kwa simu yake na kuwatumia wazazi na walimu wenzake kwa WhatsApp bila malipo. Katika picha zake huoni uso wa mtoto hata mmoja, mikono tu na vifuniko vya soda mezani. Nampongeza kwa busara hiyo. Humwaga vifuniko, kila mtoto hukisia idadi yake, kisha huvipanga kumi kumi na kuhesabu. Aliyekosea huambiwa, "Nionyeshe ulivyofikiria," na mara nyingi hugundua kosa mwenyewe huku akicheka. Nilimtumia mama yule michezo minne. Nilimwonya asimkabidhi mtoto simu akaenda zake jikoni, kwani faida imo katika kucheza pamoja.

Na huu si upuuzi wa kumpotezea mtoto wakati. Mwaka wa 2008 watafiti wawili nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwachezesha watoto wa familia maskini, ambao hawajaanza shule ya msingi, ubao wenye namba 1 hadi 10. Walicheza vipindi vichache vifupi, jumla yake kama saa moja tu. Ujuzi wao wa namba uliongezeka, na wiki tisa baadaye ulikuwa bado upo. Wenzao waliocheza ubao kama huo wenye rangi badala ya namba hawakupata nafuu hiyo. Nyoka na ngazi, bao, ajua, kati ya kuruka, hata kumuuliza mtoto kwa mama mboga atarudishiwa ngapi akitoa noti ya 50 kwa nyanya za 35, vyote vyafaa.

Hata hivyo, usiamue mwenyewe kwamba kila tumbo ni la hofu. Mlete mtoto hospitalini upesi ikiwa maumivu humwamsha usiku, anakonda, anatapika mara kwa mara, ana homa, au choo chake kina damu. Mpimwe macho na masikio pia, maana asiyeona ubao hunakili namba zisizokuwapo. Wako vilevile wachache ambao ubongo wao hushindwa kushika maana ya namba hata wakitulia na kufundishwa vizuri. Hao wahitaji mtaalamu wa elimu maalumu.

Mvulana yule alirudi kwangu baada ya muhula mmoja, safari hii kwa kikohozi. Alama zake zilikuwa zimepanda kidogo tu, mama akasema, lakini hajakosa shule kwa sababu ya tumbo. Nilipomwandikia vidonge, kimoja mara tatu kwa siku kwa siku tano, alinitangulia kusema ni 15, kisha akataka kujua kama naye nina vifuniko vya soda.