Tumbo na Figo: Kutoka Kwihara Hadi Maabara (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza maradhi mawili ya kuvimba kwa utumbo yanayodumu miaka mingi: ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, na kolaitisi ya vidonda, inayokaa kwenye utumbo mpana. Leo tuzitazame figo, nami naanzia Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora.

Hapo ndipo lilipo tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Aliondoka tarehe 25 Agosti, na mwanzoni mwa Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa amehara na kutokwa damu kwa muda mrefu. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita nao Kwihara Oktoba mwaka huohuo, wakielekea pwani. Sisemi kwamba Livingstone alikuwa na Crohn. Malaria na kuhara damu vilitosha kumuua. Lakini njia ile ya misafara ilikuwa shule ya kuhara. Mpagazi aliyeharisha akiwa Marenga Mkali, nyika kavu kabla ya kuingia Ugogo ukitoka pwani, alipoteza maji mahali ambapo hapakuwa na ya kuyarudisha.

Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Maji yakipungua mwilini, mgawo huo hupungua, na figo zinaweza kuacha kazi ndani ya siku chache.

Njia nyingine ya tumbo kuumiza figo ni ya polepole, nayo hunivutia zaidi. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ikiugua au ikikatwa, mafuta ya chakula hayafyonzwi vizuri, hushikamana na kalsiamu. Kalsiamu hiyo ndiyo ingeifunga okzaleti ya chakula itoke na choo. Isipofungwa, okzaleti huingia kwenye damu, hufika kwenye figo na kuwa mawe. Mchicha una okzaleti nyingi, na karanga pia. Mchicha wa karanga, basi, unayo pande zote mbili. Mwenye afya ale bila wasiwasi. Mgonjwa wa Crohn mwenye mawe azungumze kwanza na daktari, na anywe maji ya kutosha, hasa kiangazi cha Unyamwezi.

Kinga ya mwili nayo huweza kushambulia vichujio vya figo. Hata mesalazini, dawa ya utumbo inayotumika sana, huzidhuru figo za watu wachache, ndiyo maana hupimwa damu kabla ya kuianza na tena baadaye. Diklofenaki ninaiogopa zaidi, kwa sababu hununuliwa dukani kama peremende, na inaweza kuumiza utumbo na figo kwa pamoja.

Kwetu anayehara damu hupewa dawa ya amiba, ikishindikana ya kichocho, kisha amiba tena. Mara nyingi ni sahihi. Ila kuhara kukidumu zaidi ya mwezi baada ya tiba, omba upelekwe kwenye kipimo cha kamera ya utumbo. Na wewe uliyekwisha kuambiwa una Crohn au kolaitisi ya vidonda, kila uendapo kliniki uliza mambo mawili: kreatinini katika damu, na protini katika mkojo. Figo huharibika bila maumivu, kwa hiyo usisubiri uvimbe wa miguu.