Talaka Imeandikwa, Chakula Je?

Talaka nyingi za pwani huandikwa kwenye karatasi ya daftari. Jina la mume, jina la mke, ni talaka ya ngapi, tarehe, mashahidi wawili, basi. Iwe Dunda, Kaole au Mlingotini kule Bagamoyo, mwanamke akishakabidhiwa karatasi hiyo hufungasha nguo zake, akarudi kwao kukaa eda, na kwa majirani habari imekwisha. Mume naye hujiona ametua mzigo. Kisheria hajatua kitu.

Tanzania Bara ndoa zote, ya msikitini, ya kanisani, ya bomani na ya kimila, ziko chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa sheria hiyo, wanandoa walio hai hawaachani kwa karatasi waliyoandikiana nyumbani, wanaachanishwa na mahakama. Karatasi yenyewe haitupwi, kwa sababu ni ushahidi mzito. Baraza la usuluhishi, kama lile la BAKWATA kwa Waislamu, likishindwa kuwapatanisha na kuthibitisha hivyo kwa maandishi, na ikaonekana kuwa talaka ya Kiislamu imetolewa baada ya hapo, hakimu hutoa amri ya talaka bila kudai sababu nyingine. Lakini mpaka siku hiyo ifike, mwanamke mwenye karatasi mkobani bado ni mke wa mtu, na mke wa mtu ana haki ya kutunzwa.

Kifungu cha 63 kinamtaka mume ampe mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo na hadhi yake. Wanaume wengi hushangaa wakiambiwa kwamba wajibu huo unaweza kugeuka: mume akiugua mwili au akili hata asiweze kujitafutia, na mke ana uwezo, mke ndiye anayetakiwa kumtunza. Kifungu cha 115 kinaipa mahakama nguvu ya kuamuru matunzo mume anapokataa kumhudumia mkewe, anapomtelekeza, wakati kesi ya ndoa inaendelea, na hata talaka inapotolewa au baadaye. Kwa hiyo si lazima mwanamke asubiri kesi iishe ndipo adai unga. Anaweza kuomba amri ya muda huku shauri la talaka likiendelea.

Kiasi gani? Sheria haina bei. Hakimu hupima uwezo na mahitaji ya pande zote mbili, nani alichangia zaidi kuivunja ndoa, na mila za jamii yao. Kwa mwalimu au askari kazi ni nyepesi, hati ya mshahara inajieleza. Kwa Bagamoyo ya wavuvi mambo ni mengine. Tuseme mwanamume ana mashua ya dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka mashua inakaa pwani. Mwezi mmoja anagawana fedha nono na mabaharia wake, mwezi unaofuata anakopa mafuta ya mashine. Akisimama kizimbani atasema hana kipato, na kwa siku hiyo huenda anasema kweli. Mwanamke anayejua kazi yake habishani kwa maneno. Anataja mashua ni ya nani, mashine ni ya ukubwa gani, nani hununua mzigo mnadani, nyumba ngapi zimepangishwa. Anaandika pia gharama zake mwenyewe, kodi ya chumba, maji, mkaa, dawa. Karatasi ya namna hiyo humsaidia hakimu kuliko kilio cha saa nzima. Hali ikibadilika, kila upande unaweza kurudi mahakamani kuomba kiasi kiongezwe au kipunguzwe. Na mwanamke akiolewa tena, haki yake ya kutunzwa na mume wa zamani inakoma.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika ukanda huu, kuna utaratibu wa zamani zaidi. Mume humlisha na kumpa makazi mtalaka wake katika eda, ambayo kwa kawaida ni twahara tatu au miezi mitatu, na kwa mjamzito ni mpaka ajifungue. Mahari aliyokuwa bado hajalipa inakuwa deni. Juu ya hapo kuna kitoka nyumba, yaani mutaa, zawadi ya kumliwaza mwanamke anayeachwa bila kosa lake. Kwa utaratibu huo, eda ikiisha, matunzo ya mke kwa kawaida nayo huisha, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hakuna kilichobaki.

Kimebaki kikubwa. Mwanamke anayeachwa ana mifuko mitatu: matunzo yake mwenyewe, matunzo ya watoto, na mgao wa mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Pwani watu huchanganya yote, wakaiita kwa jumla "haki yangu", kisha wakadai kidogo katika mfuko mdogo. Matunzo ya watoto hayana uhusiano na eda wala na nani alikosa. Zamani, chini ya sheria ya kikoloni, baba wa mtoto wa nje ya ndoa angeweza kuamriwa alipe shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilibaki kwenye vitabu mpaka kikawa kichekesho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoifuta sheria ile.

Mgao wa mali una kesi yake maarufu, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kabla yake, mahakimu wengine walimwambia mama wa nyumbani kwamba hakuchangia chochote kwa kuwa hakuleta fedha. Mahakama ya Rufani ikasema kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika kuchuma mali. Hukumu hiyo hunukuliwa mpaka leo. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu: mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa kuendeleza familia, na mahakama ikaona amezifuja, hivyo fungu lake limeshakwenda. Alifungua mlango, wakapita wengine.

Walio na cha kuonyesha wapo wengi. Kule Mlingotini wanawake hulima mwani. Maji yakitoka wanaingia baharini na mambo na kamba, wanafunga mbegu moja moja kwa taitai, wanarudi jioni na magunia yanayochuruzika. Fedha ya mwani hununua bati, saruji, sare za shule. Nyumba ikiisha, hati huandikwa jina la mume. Mahakama haiishii kwenye jina, inauliza nani alitia nini, kwa fedha, mali au kazi. Risiti ya bati iliyohifadhiwa kabatini ina thamani kubwa siku hiyo.

Jambo jingine ni viwanja. Tangu mpango wa bandari mpya ya Bagamoyo ulipotangazwa mwaka 2013, ardhi ya Zinga, Kiromo na Mapinga imetafutwa sana na wanunuzi kutoka Dar es Salaam, na nyumba ya ndoa huweza kuuzwa kabla kesi haijatajwa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na anayehofia anaweza kusajili zuio.

Na waliokaa pamoja bila ndoa? Wakiishi miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kuwa mume na mke, sheria huwadhania wameoana. Hata mwanamume akithibitisha kwamba hawakuoana, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto.

Kazi ngumu huja baada ya hukumu. Mume haleti fedha, simu haipatikani, anasikika yuko dago, kambi ya wavuvi, Mafia au Unguja. Hapo mwanamke hurudi kwenye mahakama ile ile iliyotoa amri, safari hii kuomba kukazia hukumu. Mahakama inaweza kukamata mali ya mdaiwa na kuiuza, kwa hiyo ni vizuri afike akijua mashua imefungwa wapi na mashine anaitunza nani.