Kilo Nane na Nusu Kabla ya Jukwaa

Hapa kwetu Nkende mwanamke akikonda ghafla, swali la kwanza huwa "Unaumwa nini?" La pili anaulizwa jirani yake. Mimi natunisha misuli, na kila nikianza kujiandaa kwa shindano, shangazi hukagua mashavu yangu kabla hajaitikia "shikamoo".

Simlaumu. Mafuta anayoyatafuta usoni mwangu yana kazi. Vitabu vya michezo husema mwanamume anahitaji mafuta ya lazima karibu asilimia 3 ya uzito wake, mwanamke karibu 12. Tofauti hiyo ni ya uzazi. Mura, mwanamume ninayefanya naye tizi, akiacha soda na chapati mwezi mmoja, tumbo linajichora. Mimi nikilazimisha mistari kama yake, mwili unafunga kwanza mlango wa hedhi. Seli za mafuta hutoa homoni ya leptini inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Akiba ikipungua huku chakula kikibanwa, ubongo husitisha yasiyo ya dharura, estrojeni hushuka, na mifupa huanza kulipa.

Ndiyo maana nje ya msimu sijivunii kukonda. Nakaa kwenye kilo 62, mafuta asilimia 24 hivi: yaani kilo 15 za mafuta na 47 za vingine vyote. Ili nipande jukwaani na asilimia 12 bila kupoteza msuli, lazima nifike kilo 53 na nusu. Hizo ni kilo nane na nusu za kuondoa. Nikitoa nusu kilo kwa wiki, nahitaji wiki 17. Anayekuja kuniuliza wiki sita kabla ya shindano namwambia asubiri la mwakani.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700. Nusu kilo kwa wiki ni kama 550 kwa siku, sawa na unga wa ugali wa gramu 150. Kwa hiyo ugali siuachi, naupunguza, tena naula karibu na muda wa vyuma. Dagaa siwapunguzi. Wakishakauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, nami nahitaji kama gramu 120 kwa siku. Nawatoa vichwa, nawaosha mchanga mara kadhaa, nawachemsha na nyanya na limau. Mafuta ya kupikia napima kwa kijiko cha chai, maana kumimina kwa macho ndiko kunakoharibu hesabu za wengi. Mwili napima kwa tepu ya fundi cherehani kiunoni, asubuhi, kabla ya chai.

Kujifunga nailoni na kunywa dawa za kukojosha ili ngozi ikaze, hapana. Hayo hutoa maji na chumvi, si mafuta, na moyo unaweza kuvuruga mapigo.

Mwaka 2017 watafiti wa Finland walichapisha habari za wanawake 27 waliojiandaa kwa mashindano kwa takriban wiki 20. Kwa wastani mafuta yao yalishuka kutoka asilimia 23 hadi karibu 13. Walipokula tena kwa miezi mitatu hadi minne, uzito na homoni nyingi zilirudi, lakini homoni moja ya tezi ya shingo na testosteroni zilikuwa bado chini.

Miezi hiyo ya kurudi ni migumu kuliko diet yenyewe. Njaa inakuwa kubwa kuliko tumbo, kombe limeshatolewa, na kila nyumba ina sherehe. Mimi naongeza chakula mara moja, siyo kwa kunyata: ugali unarudi kipimo chake, maziwa ya mgando jioni, nyama ya Jumapili na mafuta yake. Kilo tatu nne za mwanzo nazikaribisha. Kisha nasubiri hedhi. Isipokuja kwa miezi mitatu naenda hospitali, na shindano linalofuata nalifuta kwenye kalenda, hata kama kiingilio kimeshalipwa.