Simu kwa Simu: Adabu ya Kugawana Mafaili Silanga

Kijana wa Silanga, Kibera, akitaka wimbo mpya, haanzi kwa kununua bando. Anauliza kwanza nani anao. Akimpata, programu ya Xender inafunguliwa kwenye simu zote mbili. Moja inawasha hotspot, nyingine inajiunga nayo, na muvi nzima inahama kwa dakika chache bila bando kuguswa. Kabla ya hapo ilikuwa Bluetooth, iliyowaweka watu wawili benchi moja muda mrefu, na kadi za memori zilizotolewa simu hii zikatiwa ile. Sinema zilizosimuliwa na DJ Afro, zinazopendwa kwenye vibanda vya video, nazo zimesafiri hivyo hivyo, mkono kwa mkono.

Kupeana huku hakukuletwa na simu. Katika mitaa hii ya Kibera inayoteremkia Bwawa la Nairobi, na kule Kawangware pia, watu wameishi kwa kuazimana chumvi, kuangaliziana watoto na kuitana pale maji yanapotoka. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mwanafunzi asiyekuwa na bando alitegemea simu ya jirani kupata maswali ya marudio. Desturi hii ni hazina yetu. Lakini kila desturi ya kupeana ina adabu yake, na ya simu bado hatujaifundishana vya kutosha.

Adabu ya kwanza ni kutoa kitu kinachoombwa, basi. Anayeomba chumvi hubisha hodi na kungoja mlangoni. Haingii kupekua kabati. Kwa hiyo usimkabidhi mtu simu ili ajichagulie. Ndani yake mna picha ya kitambulisho, karatasi ya kliniki, ujumbe wa M-Pesa. Chagua faili mwenyewe, litume, kisha zima hotspot na ufunge programu. Februari 2021 watafiti wa kampuni ya Trend Micro walitangaza kasoro za usalama katika SHAREit, programu ya kugawana mafaili iliyokuwa imeenea sana kwenye simu za Android. Simu nyingi za Android sasa zina njia yao ya kutumiana mafaili, Quick Share, ndani yake; iweke ipokee kutoka kwa watu unaowajua tu.

Adabu ya pili ni kuheshimu picha za watu. Picha ya msichana aliyomtumia mpenzi wake si mali ya benchi la vijana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandao inamtishia anayesambaza picha za faragha za mwenzake faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Watoto nao wana haki yao. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, si mbali na Kawangware, zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa shule inapaswa kuomba ruhusa, sisi majirani tunapaswa pia.

Adabu ya tatu: usimpe jirani ugonjwa. Wimbo au video ya rafiki ina hatari ndogo kuliko programu yenyewe. Programu iliyopitishwa simu kwa simu, hasa ya mikopo au WhatsApp iliyochezewa, inaweza kuwa imetiwa kitu kinachosoma jumbe zako na namba za siri zinazotumwa humo. Programu ichukuliwe Play Store. Flash disk iliyotoka saiba nayo ipimwe virusi kabla ya kufunguliwa.

Adabu ya nne inahusu Wi-Fi ya ploti. Kuna wanaopakua kwa torrent, njia aliyoibuni Bram Cohen mwaka 2001, ambapo kila anayepakua huwatumia wengine vipande alivyokwisha kupata. Ukiiacha ikiendelea jioni, unaila laini ya nyumba nzima, na mtoto wa chumba cha pili anashindwa kufungua somo lake. Punguza kasi ya kutuma, ngoja usiku watu wakilala, na uwaambie mnaochangia nao malipo.

Adabu ya mwisho ni kumkumbuka aliyeifanya kazi. Filamu ya Soul Boy ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman, ilipigwa hapa hapa Kibera. Msanii tunayemnyima malipo leo huenda akawa ndugu yetu wa mtaa wa Laini Saba. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Msanii akikwambia usambaze wimbo wake, usambaze kwa furaha. Asipokuruhusu, nunua, au usikilize anapouweka bure mwenyewe.

Ombi langu ni kwa viongozi wa vikundi vya vijana, walimu, akina mama wa chama na wenye maduka ya muvi: mfundisheni mtoto adabu hizi siku anapopewa simu ya kwanza, kama mnavyomfundisha kuamkia wakubwa. Tuendelee kupeana, lakini tupeane kilicho chetu kutoa, kikiwa salama, na kwa idhini ya mwenyewe.