Makuli Wekundu

Sogeeni karibu, wanangu. Leo nasema zaidi na wasichana, ila wavulana nao wasikilize, wana dada.

Kisiwani Pemba palikuwa na binti wa miaka 14, hodari wa netiboli. Mara akawa hawezi kupanda kilima cha kwendea shule bila kukaa njiani, moyo ukimwenda mbio. Darasani alisinzia. Wakamwita mvivu. Jina hilo linaniuma hadi leo, kwani halikuwa lake.

Ndani ya damu mna makuli wadogo, chembe nyekundu. Huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka kila kiungo, kama makuli wa bandarini na magunia yao. Kuli mmoja huishi siku 120 hivi, kisha mwili huumba mwingine, na hauwezi kumuumba vizuri bila madini ya chuma. Chuma kikipungua, makuli huwa wachache, wadogo, waliopauka.

Msichana akivunja ungo, mwili unarefuka na kudai damu zaidi, na wakati huohuo hedhi inaanza kuitoa kila mwezi. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wa Marekani humpangia msichana wa miaka 14 hadi 18 miligramu 15 za chuma kwa siku, na mvulana wa rika lake 11. Hedhi ikizidi siku saba, au pedi ikilowa kila baada ya saa moja au mbili, usifiche. Mwambie mama, shangazi au muuguzi.

Binti yetu alikuwa na jambo jingine: alikwenda shambani pekupeku. Mabuu ya minyoo ya safura hukaa kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Hupenya ngozi ya nyayo, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha minyoo hung'ang'ania utumboni ikinyonya damu. Wazee wetu waliliona hili, ndiyo maana safura ni jina la mnyoo na la kuishiwa damu pia. Miaka ya 1990 watafiti waliwapima wanafunzi wa Pemba, wakakuta minyoo hiyo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya upungufu wao wa damu.

Malaria nayo huwavunja makuli. Mimba ya utotoni huwagawa kwa wawili.

Na chakula? Muhogo mchana, muhogo usiku, na chai ya rangi palepale, ambayo huzuia chuma cha mboga kisiingie mwilini. Tena alitafuna udongo kwa siri. Hamu hiyo mara nyingi huwa dalili yenyewe.

Kituo cha afya walimfunua kope, zimepauka. Wakamtoboa kidole: himoglobini 9, na kwa msichana wa umri wake chini ya 12 ni upungufu. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Nyumbani dagaa wakarudi sahanini, mchicha ukakamuliwa ndimu, chai ikahamia alasiri.

Miezi michache baadaye alikipanda kile kilima moja kwa moja, akafika shule kengele haijalia.