Jisemee Kwanza kwa Niaba ya Mwenzako

Wapendwa wanavikundi wa Munyaka, je, mwajua kuna vijana wanaojifunza kupatanisha mataifa wakiwa bado shuleni? Wanafunzi wa sekondari hukutana Gigiri, Nairobi, kwenye makao ya Umoja wa Mataifa, katika mkutano wa mfano uitwao EAMUN.

Mjumbe hupewa nchi ambayo mara nyingi si yake. Kijana Mkenya aweza kuwa Norwei au Brazili. Lazima asome shida za nchi hiyo na kuitetea. Anayetaka kusema huomba nafasi kwa mwenyekiti. Kisha wajumbe huandika azimio, hulirekebisha na kulipigia kura.

Sisi wa Eldoret twajua hasara ya kutosikizana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuawa na nyumba zikachomwa. Mapatano yalipatikana mezani, Kofi Annan akiwa mpatanishi, yakatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008.

Basi kikundi chenu kikigombania maji au pesa za mzunguko, jaribuni hivi: kila upande ueleze shida ya upande wa pili, mpaka wenyewe waseme, "Hapo umetuelewa." Ndipo muandike azimio.