Je, Wajua? Mwanasesere Anayebeba Ukoo

Je, wajua kuwa Wazaramo wa pwani ya Tanzania huchonga mwanasesere wa mti asiye na mikono wala miguu, aitwaye mwana hiti? Mwali alikabidhiwa mwanasesere huyo akiwa amewekwa ndani. Akamwogesha, akampaka mafuta, akamlea kama mwanawe. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye nguzo za makaburi, kwa kuwa ni alama ya uzazi na ya ukoo.

Hata ukimbizini mwanasesere aweza kubeba ukoo. Wilayani Dowa, Malawi, kambi ya Dzaleka imepokea wakimbizi tangu 1994, wengi wao Wakongo. Kwako uliyekimbia vita bila picha ya bibi, kipande cha kitenge, sindano na pamba vinatosha kumshonea mjukuu mwanasesere mwenye sura ya bibi huyo. Ila kabla hujakata kitambaa, waulize wazee: bibi alifungaje kilemba? Waulize leo.